Barua kwa mwanangu: "let" ya kwenye pasipoti

Marahaba, mwanangu Yona. Huku Mpwapwa hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea kupona, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Swali lako limenichekesha, maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Unasema ulikuwa mapokezi hapo hotelini Dodoma, unatoa kopi ya pasipoti ya mgeni Mwingereza, ukakuta serikali yake inaomba mwenye pasipoti aachwe apite kwa uhuru "without let or hindrance". Let unaijua tangu shule ya msingi kuwa ni kuruhusu, hindrance ni kizuizi. Sasa mtu anaombewaje apite bila ruhusa wala kizuizi? Na mwenzako wa zamu keshatoa hukumu kwamba wachapaji wamekosea.

Wachapaji hawana kosa. Zamani Waingereza walikuwa na vitenzi viwili mbalimbali. Kimoja, lætan, kilikuwa kuacha au kuruhusu. Kingine, lettan, kilikuwa kuzuia, na kina undugu na late, ile ya kuchelewa: kumzuia mtu ilikuwa ni kumchelewesha. Matamshi yakasogeleana karne baada ya karne mpaka vyote viwili vikawa let. Watu wakaishi navyo hivyo hivyo, kama sisi tunavyoishi na kaa la moto na kaa wa baharini, na hakuna anayebabaika.

Ukija likizo, chukua ile Biblia ya Kiingereza ya babu yako, tafsiri ya King James ya mwaka 1611, ufungue Warumi 1:13. Paulo anawaambia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao, "but was let hitherto". Ukiisoma kwa Kiingereza cha leo, Paulo aliruhusiwa, na mstari mzima haushikiki. Fungua sasa Biblia yetu ya Kiswahili: "nikazuiliwa hata sasa". Kwisha maneno. 2 Wathesalonike 2:7 ndiyo kali zaidi, maana Kiingereza kinasema "he who now letteth will let", mara mbili katika pumzi moja. Kiswahili kinasema tu "yuko azuiaye sasa". Wahubiri vijana wanaopenda kuchomekea Kiingereza mimbarani ningewashauri waanze na Kiswahili. Hapo kingewaokoa na aibu.

Shakespeare naye anayo. Katika tamthilia yake ya Hamlet, kijana Hamlet anataka kuufuata mzimu wa baba yake, wenzake wanamng'ang'ania asiende, naye anaapa: "I'll make a ghost of him that lets me". Anayetishiwa kufanywa mzimu ni yule anayemzuia. Anayemruhusu hana haja ya kuogopa.

Baadaye let ya kuzuia ikafa midomoni mwa watu. Imebaki mahali pachache, na pasipoti ni pamojawapo, kwa sababu lugha ya kisheria ya Waingereza haitupi kitu, tena inapenda maneno yaende wawili wawili hata kama moja lingetosha. Ndiyo maana mikataba yao ina "null and void", batili na batili tena. Pasipoti ya Australia nayo ina let hiyo hiyo. Siku ukipokea mgeni kutoka Kanada, angalia yake: imeandikwa "without delay or hindrance". Pale palipokuwa na let wameweka delay, kuchelewesha, na hiyo ndiyo maana tuliyoanza nayo.

Mahali pengine unapajua bila kujua kwamba unapajua. Kwenye tenisi ya mezani, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukatua vizuri upande wa pili, mwamuzi anasema let na unarudiwa. Hajaruhusu kitu, wavu umeuzuia mpira kidogo.

Namna ya kuzitambua ni hii. Let ya kuruhusu inataka mtu na tendo nyuma yake: let him go, mwache aende. Ile ya pasipoti imekuja baada ya without na haina tendo lolote linaloifuata. Ni nomino, yaani kizuizi. Ukitakiwa kumwelezea mtu kwa Kiswahili, sema "apite kwa uhuru bila kizuizi wala kipingamizi". Lakini wewe usiiandike popote kwa maana hiyo. Iishie kwenye kuielewa, vinginevyo meneja wako ataelewa kinyume na utajieleza siku nzima.

Ukitaka kusema zuia, tumia hinder au prevent, ila usizichanganye, maana sisi tuna tabia ya kuzitia zote katika zuia moja. Ikumbuke reli ya zamani hapa Gulwe. Mvua zikiwa kubwa, tuta likalowa, treni ikaja kwa mwendo wa kinyonga na kufika usiku badala ya mchana, hapo mvua ime-hinder: imekwamisha, lakini safari ipo. Mto Mkondoa ukifurika huko njia ya Kilosa, maji yakala tuta hadi mataruma yananing'inia hewani na vyuma vyake, treni haiji kabisa. Hiyo ni prevent. Na gogo likilala katikati ya njia, obstruct, kuziba. Kwa hiyo mgeni akikulalamikia kwamba kelele za ukumbini "hindered" kazi yake, amefanya kazi kwa shida. Akisema "prevented", hakufanya kabisa, na huyo ndiye wa kuombwa radhi na kuhamishiwa chumba kingine haraka.

Prevent nayo ina vituko vyake. Katika Biblia hiyo hiyo ya babu, 1 Wathesalonike 4:15, maana yake ni kutangulia, na Kiswahili chetu kimeandika "hatutawatangulia". Hiyo tutaizungumza ukija. Nisikuchoshe na zamu inakusubiri.

Karanga nimekutumia kwa basi la kesho asubuhi, kilo mbili. Mpigie kondakta kabla hajafika stendi.

Na ile sentensi uliyofungia ujumbe wako, "please let me to know", ondoa hiyo to. Let haiitaki.

Mama yako