Kiungo Ameisha, au Kazi Yake Imebadilika? Wasomaji Wanauliza

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka pale pale: katikati ya uwanja. Tumezipanga pamoja.

*Hamjambo meza ya michezo. Namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, alizomewa uwanjani Nyayo wikendi iliyopita mpaka kocha akamtoa. Hapa baze, kijiweni petu, tumegawanyika. Wengine wanasema ameisha, wengine wanasema hana msaada. Mtu anayekaa jukwaani atajuaje nani anasema kweli?*
Shabiki, Umoja

Atajua, lakini si kwa kumtazama akiwa na mpira. Katika dakika 90 mchezaji mmoja huwa na mpira mguuni dakika mbili au tatu hivi. Muda mwingine wote kiungo anafanya kazi ambayo macho ya jukwaa hayaioni, kwa sababu macho ya jukwaa yanafuata mpira.

Fanyeni hivi. Kaeni juu, mkabala na mstari wa kati, wala si nyuma ya goli. Ukiwa nyuma ya goli huwezi kupima nafasi kati ya kiungo na mabeki wake. Nendeni wawili na daftari, mmoja aangalie na kutamka, mwingine aandike. Ukijaribu yote peke yako, kila unapoinamia karatasi kuna jambo linakupita. Gawanyeni ukurasa mistari sita, kila mmoja dakika 15, halafu mtie alama kwa mambo manne tu: mara ngapi alitazama begani kabla ya kupokea, alipopokea, aligeuka mbele au alirudisha, alipoupoteza, aliupotezea wapi, na mpira uliodondoka baada ya kichwa cha beki, nani aliufikia kwanza. Rudieni mechi tatu, moja ikiwa ya ugenini. Mechi moja ni shahidi mwongo, maana huenda mpinzani alikuwa mbovu au mvua ilinyesha.

Hilo la kutazama begani si urembo. Profesa Geir Jordet wa Norway ameshughulika nalo miaka mingi, akichambua video za karibu za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, wakiwemo viungo, na alichokiona ni kwamba wanaoangaza zaidi kabla ya mpira kufika hufikisha zaidi pasi za kwenda mbele. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa walioangaza sana. Kwa hiyo kama namba sita wenu anapokea bila kugeuza shingo tangu mstari wa kwanza wa daftari, hapo kweli kuna shida yake mwenyewe: hajiamini, au anaficha maumivu. Kama anaangaza vizuri hadi dakika ya 60 kisha shingo inakufa, hiyo ni pumzi. Kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, na uchovu huweza kuonekana shingoni pia, si miguuni tu.

Sasa tuje kwenye alama ambayo watu huisoma vibaya kuliko zote. Mtaona ameangaza sawasawa, kisha akarudisha mpira kwa beki, mara tano, mara sita. Jukwaa litapiga mluzi: mwoga huyo! Msiandike hivyo bado. Pale anapopokea, hesabuni haraka wenzake walio mbele yake ndani ya mita 15 ambao hawajajificha nyuma ya adui. Wakiwa wawili na bado akarudisha, kosa ni lake. Akiwa hayupo hata mmoja, mlitaka apige kwa nani? Mara nyingi utakuta namba nane wote wawili, viungo wanaocheza mbele yake, wamekimbilia kwenye boksi mapema, beki wa pembeni amesimama sambamba na beki wa kati, na namba sita amebaki kama askari wa lango la jengo lisilo na wapangaji. Anayezomewa ni yeye kwa sababu ndiye anayeonekana akirudisha.

Kuhusu kuupoteza, msijumlishe tu. Mipira mitatu iliyopotea mita 20 kutoka golini kwenu ni mibaya kuliko kumi iliyopotea kwenye theluthi ya adui. Na jihadharini na sifa ya kuteleza. Mashabiki tunapenda kaptura iliyochafuka, lakini kiungo anayejitupa chini kila dakika mara nyingi ni yule aliyechelewa kufika. Aliyesimama mahali pake, akafunga njia ya pasi, adui akaamua kurudisha, huyo hapigiwi makofi na amefanya kazi ile ile kwa jasho pungufu.

*Mimi ni wa Manchester United, na majirani wangu wa Arsenal hawaniachi nilale. Ruben Amorim alipofika, Bruno Fernandes alirudishwa chini mara nyingi, akawa mmoja wa wawili wa kati. Wao wakasema kiwango kimeshuka. Mimi nasema aliharibiwa. Nani kashinda?*
Msomaji, Kayole

Kiwango hupimwa kwa kazi, na kazi hapo ilikuwa imebadilika. Amorim aliingia Novemba 2024 na mabeki watatu, viungo wawili wa kati, mabeki wa pembeni wakipanda, na wawili nyuma ya mshambuliaji. Sasa weka viungo wawili dhidi ya timu yenye watatu, kama 4-3-3 ya kawaida. Kila mara kuna mmoja wa ziada. Bruno akitoka kumkaba, nyuma yake kunabaki shimo. Akibaki, adui anageuka na mpira bila kubughudhiwa. Ni mtego kwa kiungo yeyote. Kwa mtu ambaye silaha yake ni pasi ya hatari inayokataliwa mara tatu na kufaulu ya nne, ni mtego mara mbili, kwa sababu ile inayokataliwa sasa inakatwa mita 40 kutoka golini kwao, na wala si 25 kutoka goli la adui.

Upande wa majirani zako nao una hoja. Akiwa chini anagusa mpira mara nyingi zaidi na anauona uwanja wote ukiwa mbele yake. Pasi ndefu ya mshazari hutokea huko. Anayemtaka chini lazima ampe mwenzake mwenye mapafu na nidhamu ya kubaki. Ukiwaweka wawili wanaopenda kupanda, usimlaumu kipa.

Mfano ulio wazi kuliko huo ni wa N'Golo Kanté. Alitwaa ligi na Leicester 2016, akaitwaa tena na Chelsea 2017, mara zote akifagia katikati. Msimu wa 2018/19 Maurizio Sarri akampa Jorginho kile kiti cha chini, Kanté akasogezwa kulia na kuambiwa apande. Mitaani tukasikia amekwisha. Mei 2021 akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Manchester City. Miguu ilikuwa ile ile, ametumwa sokoni kwingine.

*Mtu akitoka kwenye jeraha la goti, tumpe mechi ngapi kabla ya kusema nafasi yake iende kwa kijana?*
Mama wa mchezaji, South B

Mama, inategemea goti limefanya nini. Kano ya mbele ikikatika kabisa na kujengwa upya kwa upasuaji, kurudi uwanjani ni miezi tisa hivi au zaidi, na kurudi uwanjani si kurudi kwenye kiwango. Miezi mingine kadhaa inafuata ambapo mguu uko tayari na kichwa hakijakubali. Mtazame anapogeuka kwa mguu ulioumia: akipiga hatua mbili ndogo pale alipokuwa akipiga moja, bado. Aanze na dakika 20, kisha 30, kisha 60, na asicheze mechi mbili kamili ndani ya siku nne.

Tunalo somo la nyumbani. Victor Wanyama alicheza mechi 36 za ligi msimu wake wa kwanza Tottenham, 2016/17, timu ikimaliza ya pili. Msimu uliofuata goti likamweka nje miezi mingi. Alirudi, na Februari 2018 akapiga lile kombora pale Anfield, 2-2 na Liverpool, ambalo bado linaonyeshwa kwenye simu za watu. Ukitazama bao lile peke yake utasema amerudi. Lakini nafasi haikurudi, kwa sababu kiungo mkabaji haulizwi kama anaweza kupiga shuti; anaulizwa kama anaweza kufunika eneo lile lile kila siku tatu. Machi 2020 alihamia Montreal.

*Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Nina kiungo mwenye akili lakini hageuki. Kila pasi anarudisha alikotoka. Tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi, mechi nyingine Camp Toyoyo. Nimweke beki?*
Mkufunzi, Jericho

Usimhamishe bado. Pima mraba wa mita 12 kwa 12, weka koni nne. Wachezaji wanne nje, mmoja kila upande, na kijana wako katikati. Wewe simama nyuma yake ukiwa na fulana mbili za mazoezi, nyekundu na kijani. Pasi ikiwa njiani, inua moja. Kabla hajaugusa mpira ataje rangi kwa sauti, apokee kwa mguu ulio mbali na mpigaji, mwili ukiwa umefunguka kama mlango ulio nusu wazi, atoe upande wa pili kwa miguso miwili. Sekunde 45 kazi, sekunde 45 pumziko, mara sita. Wiki ya kwanza bila adui. Ya pili mwongeze mkabaji anayeanza mita tatu nyuma yake. Akiweza, punguza mraba uwe mita 10.

Kinachoharibika, karibu kila mara, ni wakati wa kutazama. Vijana hutazama pasi ikishapigwa, na hapo wanachelewa: shingo inarudi mpira ukiwa tayari kwenye kifundo. Mtazamo wa kwanza uwe mpira ukiwa bado unaenda kwa mpigaji, wa pili kabla tu mguu wa mpigaji haujaugonga. Zile fulana ni za kukagua tu. Akitaja rangi huku bado anababaika, ujue ametazama fulana na hakutazama nafasi. Badili, asimame mtu badala ya fulana, na kijana aseme “geuka” au “rudisha”. Kosa la pili ni la wanaopiga. Pasi laini humlazimisha kuifuata, na anayeifuata pasi amekwishampa mgongo adui.

Vumbi nalo lina lawama zake. Mpira unarukaruka, kijana haamini utafikaje, kwa hiyo macho yanabaki chini. Ndiyo maana yule yule anayerudisha kila kitu kwenye uwanja wa vumbi huweza kugeuka vizuri kwenye nyasi bandia za Camp Toyoyo, hatua chache tu kutoka hapo. Kabla hujamhukumu, mtazame kwenye viwanja vyote viwili. Kwenye vumbi mwambie aje kukutana na mpira hatua mbili, aupokee kabla haujaruka mara ya pili. Kwenye nyasi bandia mpira unateleza kwa kasi, asiufuate, auache umfikie. Na daluga ziwe za meno mafupi mengi. Meno marefu yananasa kwenye zile nyasi, mguu unabaki, goti linazunguka, halafu tunarudi kwenye swali la mama wa South B.

*Debi ya Mashemeji inakuja, sisi AFC Leopards dhidi ya Gor Mahia. Tuanze na wakabaji wawili?*
Ingwe damu, Kawangware

Kama mnaogopa namba kumi wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, wawili sawa, lakini mmoja aruhusiwe kutoka. Wawili wakisimama sambamba wanakatwa kwa pasi moja. Wasimame mshazari, mita nane hadi kumi kati yao, wa upande wenye mpira akiwa mbele. Mkipata bao la mapema, msimtoe yule anayejua kutuliza mpira ili kuongeza mkabaji wa tatu. Agosti 2025 Kasarani, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Harambee Stars walimaliza mechi wakiwa kumi mbele ya Morocco, wakaishinda 1-0 timu iliyokuja kutwaa kombe. Kipindi cha pili chote kilikuwa cha kukaba, ndiyo, ila ukikaba bila mtu wa kushika mpira hata sekunde tano, mabeki hawapati pumzi na krosi zinarudi moja baada ya nyingine.

*Namba nane na namba kumi tofauti yao ni nini? Nataka kumjibu shemeji.*
Dada, Pipeline

Mwangalie timu inapopoteza mpira. Anayekimbia kurudi nyuma ya mstari wa mpira ni nane. Anayebaki juu akisubiri urudi ni kumi. Kama shemeji anasema wake anafanya yote mawili, muulize amemwona dakika ya 80.