Unataka kusoma Poirot? Cha kwanza na cha mwisho visome vikifuatana

Watu wakiniuliza waanzie wapi na Hercule Poirot, yule mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, huwa nawaambia soma kitabu cha kwanza, alafu vingine vitatu vinne vyovyote utakavyopata, alafu rudia kile cha kwanza na ukikimaliza tu fungua cha mwisho, usiweke kitu katikati. Najua riwaya ziko 33 na kuna wanaotaka kwenda kwa mpangilio, sawa, ila hao wanafika mwisho cha kwanza washakisahau na utamu mwingi unawapita.

Cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles, kilitoka 1920. Cha mwisho ni Curtain, kilitoka 1975, lakini Agatha Christie alishakiandika tangu Vita vya Pili vya Dunia akakifungia, alafu akaendelea kutunga vingine kibao.

Nyumba ni ileile, Styles, kule Essex, Uingereza. Mara ya kwanza ni jumba la mama tajiri, Hastings, rafiki yake Poirot, anafikia hapo katoka vitani na jeraha, na Poirot ni mkimbizi wa Kibelgiji pale kijijini, anachechemea. Mara ya mwisho jumba limegeuzwa gesti, Poirot yuko kwenye kiti cha magurudumu na analalamikia chakula, Hastings kafiwa na mke na ana binti mkubwa asiyeshikika. (Umri wa Poirot usiupigie hesabu, alikuwa kashastaafu upolisi hata kabla ya kitabu cha kwanza, utaumwa kichwa bure.)

Sasa usiishie kuorodhesha vinavyofanana, kila kinachorudi jiulize safari hii kinafanya kazi gani. Kwenye Styles Poirot anahangaika sana na vikombe vya kahawa, kimoja kimesagwa sakafuni mpaka unga. Ukifika Curtain ukaona kahawa inaletwa, punguza spidi. Sisemi zaidi.

Ila kilichonikamata mimi ni Hastings. Vyote viwili anasimulia yeye, na vyote viwili Poirot anamficha anachokijua kwa sababu uso wa Hastings hauwezi kutunza siri. Kama umekua na Bwana Msa na Najum, mpelelezi na mwenzake wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hawa watu wawili unawajua tayari. Kwenye cha kwanza unacheka tu. Kwenye cha mwisho Poirot anamjua muuaji mapema kabisa, anamwita X na jina hatoi, huku anamtaka huyohuyo Hastings awe macho na masikio yake, na utani uleule hauchekeshi tena maana asiyeelewa sasa ni baba na binti yake analala nyumba moja na muuaji.

Na hilo duara la cha kwanza na cha mwisho lisilazimishwe jamani. Kuna wanaochukua sumu ya Styles na sumu ya Curtain wanasema ona, pete imefungwa! Christie alifanya kazi famasi ya hospitali wakati wa Vita vya Kwanza, sumu kwake zimejaa vitabu vizima, hiyo peke yake haithibitishi kitu. Nyumba ndo ushahidi, maana angeweza kumpeleka Poirot popote duniani akamrudisha palepale.

Kuhusu spoila, kwamba Poirot anakufa usijisumbue kukwepa, New York Times ilitoa tanzia yake ukurasa wa mbele Agosti 1975. Kwepa wanaoeleza alikufaje, hasa wale wa kwenye komenti.