Mtoto akitoka ICU, anza na daftari

Nimonia ya mwanangu wa miaka mitatu ilimfikisha kwenye ARDS: vifuko vya hewa kwenye mapafu vinajaa majimaji, oksijeni haiingii kwenye damu inavyotakiwa. Alipona ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, tukaruhusiwa kurudi Uyole, hapa Mbeya. Hospitalini kulikuwa na mashine inayopiga kelele hali ikibadilika. Nyumbani ni macho yako tu, na macho ya mama huzoea haraka. Ndiyo maana naandika.

Jioni akishalala fofofo, nafunua fulana na kuhesabu tumbo linavyopanda, dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu sekunde thelathini ukazidisha mara mbili. Watoto hawapumui kwa mwendo mmoja. Akiwa na miaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni nyingi. Miezi 2 hadi 11 ni 50, chini ya hapo ni 60. Kando ya namba naandika: kala, kacheza, kakohoa usiku, ana homa? Ukurasa mzima unasema zaidi ya jioni moja. Siku ya kliniki nampa daktari daftari lenyewe, maana maelezo ya mdomo hupotea njiani.

Ukiwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, pasha vidole kwanza. Baridi yetu ya Juni na Julai hukifanya kidanganye, hata hina kwenye kucha inaweza kukivuruga. Halafu Mbeya tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usomaji huwa chini kidogo kuliko wa Dar. Kabla ya kuruhusiwa, uliza: kwa mtoto huyu, ikishuka hadi ngapi nimrudishe?

Bibi yake alisema amekuwa mdeko, kila kilima anataka kubebwa. Hapana jamani, ni misuli: kulala muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia huidhoofisha, na inaweza kuchukua miezi kurudi. Kuweweseka usiku nako mwambie daktari.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa kuota moto.

Mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kunywa, akipata degedege au akilegea hata kuamka ni shida, achana na daftari. Tafuta bajaji, hata iwe saa nane usiku.