Dereva kafungua mishahara ya ofisi, nifungeje folda za seva?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, kwenye ofisi moja ya klirensi karibu na bandari, mimi ndo naangalia kompyuta na seva yetu ya mafaili, ni Linux. Tuna vitengo vitatu, uhasibu, forodha na usafirishaji, kila kimoja kina folda yake ndani ya /srv/ofisi. Zamani faili la mwenzako lilikuwa linafunguka ila ukitaka kusevu unaambiwa huna ruhusa, jamaa mmoja akaniambia piga chmod -R 777 yataisha, na kweli yaliisha, ila juzi dereva kafungua mishahara ya watu wote na sasa ndo habari ya mjini. Nataka kila kitengo kione vyake tu, halafu bosi asome vya uhasibu bila kuweza kubadilisha kitu. Nifanyeje?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hilo. 777 usiipige tena kwenye seva ya watu, mtu yeyote asikudanganye. Saba ni ruhusa zote, kusoma, kuandika na kupita: ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi, ya tatu ni ya kila mtu aliyebaki, sasa hiyo ya tatu ndo iliyompa dereva mishahara. Na kwenye folda ile ruhusa ya x ndo ya kupita, asiye nayo hafiki kwenye faili la ndani hata kama faili lenyewe liko wazi kabisa, kwa hiyo anza kufunga folda kwanza, mafaili utayasafisha baadaye.

Tengeneza kundi kwa kila kitengo, groupadd uhasibu, halafu watu uwaingize kwa usermod -aG uhasibu jina. Hiyo a usiisahau hata kidogo, ukiandika -G peke yake mtu anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, na kama ni wewe mwenyewe unaweza kujikuta huna tena sudo, yaani mamlaka ya msimamizi. Kisha chgrp -R uhasibu /srv/ofisi/uhasibu na chmod 2770 /srv/ofisi/uhasibu. Ukipiga ls -ld uone hivi: drwxrws---. Hiyo s, inayoletwa na ile 2 ya mbele, ndo mwanzo wa dawa ya tatizo lenu la mwanzo, yaani kila faili jipya linalozaliwa humo linachukua kundi la folda badala ya kundi la aliyelitengeneza. Folda za ndani nazo zinaitaka, find /srv/ofisi/uhasibu -type d -exec chmod 2770 {} + na kwa mafaili weka -type f na 660. Vitengo vingine fanya hivyo hivyo. Na /srv/ofisi yenyewe iwe ya root (msimamizi mkuu wa seva), 755, maana ikibaki 777 mtu wa forodha anaweza kuibadilisha jina folda ya uhasibu hata kama haruhusiwi kuingia.

Bosi usimtie kwenye kundi la uhasibu, huko atapata na kuandika. Mfungulie kundi la wakaguzi, halafu ongeza ruhusa ya kundi hilo la pili kwa setfacl -R -m g:wakaguzi:rX /srv/ofisi/uhasibu, X iwe kubwa ili ruhusa ya kupita iende kwenye folda, si kwenye mafaili, kisha rudia amri hiyo hiyo ukiongeza -d ili na mafaili yajayo yarithi. Ukishaweka hiyo ya -d, umask (ruhusa zinazokatwa faili linapozaliwa) haihesabiwi tena humo, wahasibu wataandikiana bila shida. Kwa vitengo viwili vilivyobaki ambavyo havina mkaguzi weka umask 007 kwa watu wake, la sivyo s itawapa kundi sahihi lakini kundi halitaweza kuandika na mtarudi pale pale.

Kuna kitu kitakusumbua nakwambia mapema: mtu akihamisha faili kwa mv kutoka folda yake binafsi ya /home, linakuja na kundi lake la zamani na ruhusa zake za zamani, wenzake wanakataliwa halafu utaambiwa seva mbovu. Waambie wakopi kwa cp, hapo linazaliwa faili jipya na s inalipa kundi sahihi, ila ruhusa ya kuandika hufuata ya faili la zamani, wakikataliwa bado lipige chmod 660.

Ukimaliza watu watoke waingie upya ndo makundi yashike, wacheki kwa id. Halafu jaribu kwa akaunti ya dereva, sudo -u jina ls /srv/ofisi/uhasibu, lazima akataliwe.

Ila kufunga leo hakurudishi kilichokopiwa jana. Tafuta kwenye /home kama kuna nakala za hilo faili, na bosi mwambie wazi, mishahara ni taarifa binafsi za watu na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ni vizuri wenye mishahara waambiwe kilichotokea. Na siku mtu akihama kitengo, gpasswd -d jina uhasibu, halafu mtoe kwenye seva siku hiyo hiyo, maana asipotoka bado anatembea na kundi la zamani.