Maswali ya Wanamuziki: Kuifanya Pedi ya Dramu Iitikie Kama Sneya Halisi

Swali: Mhariri, salaam. Mimi hupiga dramu katika bendi ya hoteli moja hapa Malindi. Uongozi umetutaka tutumie dramu za umeme kwa sababu wageni hulalamikia kelele. Nimekubali, lakini sneya, ile dramu yenye nyuzi za chuma chini, imenishinda: nikipiga taratibu haisikiki, nikitia nguvu kidogo inalipuka, na mrindimo, yaani mapigo ya haraka yanayofuatana, unatoka kama cherehani. Je, ninunue moduli mpya, yaani kile kisanduku kinachotoa sauti?
*Mpiga dramu, Malindi*

Jibu: Ndugu yetu, moduli isubiri kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, unayoyakosa zaidi ni mapigo madogo, na hayo hupotea kabla hayajaifikia sauti yoyote iliyohifadhiwa ndani ya kifaa. Sneya halisi, ambayo kwa kawaida huwa na upana wa inchi 14, ina ngozi mbili, na chini ya ngozi ya pili zimelazwa nyuzi za chuma zinazotetemeka hata kijiti kinapogusa tu ngozi ya juu. Pedi ya dramu za umeme haina nyuzi hizo. Ina kihisi cha piezo kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo, na moduli huupima umeme huo na kuupa namba. Katika MIDI, mfumo wa ala za umeme kuwasiliana uliotoka mwaka 1983, nguvu ya pigo huandikwa kwa ngazi za 1 hadi 127. Unachotafuta ni mkono wako uzifikie ngazi zote hizo, hasa zile za chini, kwa sababu uhai wa sneya uko huko.

Ikiwa pedi yako ni ya mpira, ningekushauri pesa za moduli uziweke kwenye pedi ya ngozi ya wavu, aina ambayo kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1997 pamoja na seti ya TD-10. Ikaze kwa zamu, skrubu moja kisha ile inayoikabili upande wa pili, wala usiikaze kupita kiasi, maana wavu hurusha kijiti kuliko ngozi ya kawaida. Katika pedi nyingi kihisi kiko katikati, chini ya koni ya sponji, na pigo linaloangukia juu ya koni hutoka kubwa kuliko nguvu uliyotia. Huenda huo ndio mlipuko unaousikia. Piga sentimita tatu au nne kando ya koni. Mpiga twari yeyote wa pwani yetu anajua kwamba katikati na ukingoni hapatoi sauti moja. Moduli nyingine nazo hutambua mahali kijiti kilipotua, na ikiwa yako ina uwezo huo, uwashe.

Kisha ingia kwenye menyu. Piga kwa nguvu zako zote za jukwaani, na urekebishe usikivu mpaka pigo hilo peke yake ndilo linalofika 127. Teremsha kizingiti, yaani kiwango ambacho chini yake moduli hupuuza pigo, hadi sneya ianze kulia yenyewe unapokanyaga dramu ya besi, halafu ukipandishe ngazi moja tu. Sasa gonga kwa ncha ya kidole: ukisikia sauti, umefika. Mwitikio, yaani jinsi nguvu ya pigo inavyogeuzwa kuwa ukubwa wa sauti, uache katika mstari ulionyooka, na uubadilishe tu ikiwa mapigo madogo bado yanafifia.

Kuhusu mrindimo, kuna mambo mawili. Moduli ina muda mfupi ambao hukataa pigo la pili baada ya la kwanza. Ukiwa mrefu humeza mapigo yanayofuatana kwa haraka, ukiwa mfupi mno pigo moja hulia mara mbili. Upunguze hadi mapigo yaanze kurudufiana, kisha urudi nyuma kidogo. Jambo la pili ndilo hasa linaloleta cherehani: rekodi moja inarudiwa bila kubadilika. Chagua sneya yenye rekodi kadhaa kwa kila kiwango cha nguvu, zinazopokezana. Ikiwa moduli yako haina kabisa sauti za namna hiyo, hapo ndipo utakapokuwa na haki ya kufikiria nyingine, au kompyuta yenye programu ya dramu, mradi sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 10 hivi.

Kama ukingo wa pedi haulii, tazama plagi ya kebo: inapaswa kuwa na mikanda miwili myeusi. Yenye mkanda mmoja hupitisha ishara moja tu, hivyo ukingo hukosa njia. Vilevile usipitishe sneya kwenye spika ya gitaa la besi, kwa sababu mlio wa nyuzi uko katika sauti za juu, ambazo spika nyingi za aina hiyo hazizitoi vizuri.

Swali: Pedi yangu ya sneya hukaa kwenye nyumba iliyo karibu na bahari. Siku hizi hulia na kunyamaza. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Lamu*

Jibu: Anza na plagi na tundu lake, kwa kuwa hewa ya chumvi huzitia kutu. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na ujaribu kebo nyingine. Ikiwa hali haijabadilika, fungua wavu uiangalie koni ya sponji: lazima iguse wavu kutoka chini. Iliyobonyea kwa joto na kwa kukaa muda mrefu chini ya ngozi iliyokazwa haipokei tena mtikisiko ipasavyo, na dawa yake ni kuibadilisha.