Diski Imefomatiwa: Hesabu za Wakulima Zitapatikana?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Orodha ya wanachama na hesabu za malipo ya msimu uliopita tulizihifadhi katika diski ya nje ya GB 500. Juzi kijana wetu wa ofisini aliichomeka kwenye kompyuta nyingine, ukatokea ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kama diski tupu, kabla ya kutumika, naye akakubali. Sasa inaonekana tupu. Fundi mmoja anataka kuifomati upya. Mwingine anataka kuweka programu ya kurejesha faili humo humo. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu Karani, msimsikilize hata mmoja. Ichomoeni diski hiyo leo na asiandike mtu chochote ndani yake, kwa sababu kila faili jipya, pamoja na hiyo programu ya fundi, laweza kukalia nafasi ya hesabu zenu, na kilichoandikiwa juu hakirudi tena.

Muulizeni kijana kazi ilichukua muda gani. Ikiwa ilikwisha kwa sekunde chache, kompyuta iliandika upya jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi, na sehemu kubwa ya yaliyomo bado ipo. Ikiwa ilichukua zaidi ya saa moja, yaelekea ilikuwa fomati kamili, ambayo tangu Windows Vista hujaza sifuri diski nzima; hapo hakuna programu itakayowasaidia.

Kabla ya kutafuta faili lolote, tafuteni diski nyingine yenye nafasi kubwa zaidi, kisha fundi anakili diski yote, sehemu kwa sehemu, hata zile zinazoonekana tupu. Programu ya ddrescue inafaa, kwani husoma kwanza sehemu zilizo nzima na kuziacha mbovu kwa baadaye. Nawasihi msiiruke hatua hii, maana huenda ule ujumbe ulitokea kwa sababu diski yenyewe imeanza kuchoka. Baada ya hapo kazi yote ifanyike kwenye nakala: programu ya TestDisk iangalie kama mpangilio wa zamani unaweza kurudishwa, na ikishindikana programu ya PhotoRec itambue mafaili kwa alama za mwanzo wake. Zote mbili ni za bure. PhotoRec hairejeshi majina ya mafaili, hivyo mtalazimika kuyafungua moja moja; yanayopatikana yahifadhiwe mahali pengine kabisa.

Mkisikia diski ikigonga au kusaga, ikateni umeme papo hapo. Asiifungue mtu mezani, wala msiiweke kwenye friza kama wanavyoshauri baadhi ya watu: vichwa vya kusomea huelea karibu mno na sahani zinazobeba taarifa ndani ya diski, na chembe ya vumbi au unyevu yatosha kuiharibu. Hiyo ni kazi ya maabara maalumu, nayo ni ghali.

Humo yamo majina na pengine namba za akaunti za wanachama, taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo fundi afanyie kazi ofisini kwenu, na nakala ibaki kwenu. Wakati huo huo andikeni barua kwa chama kikuu cha ushirika, TANECU, kwa mwendesha ghala na kwa benki iliyolipa wakulima, mkiomba kumbukumbu za msimu huo, ili malipo yaweze kulinganishwa hata kama diski haitatoa kila kitu.