VO2 max ya mkimbiaji wako imegoma kupanda? Iache, angalia huku

Mkuu, umesema mkimbiaji wako wa mita 10,000 amepimwa maabara msimu uliopita na msimu huu, VO2 max iko palepale, na sasa unataka kumwongezea mazoezi ya kasi kali ili namba isogee. Mimi nisingefanya hivyo. Nimekaa miaka upande wa vipimo, nikisaidiana na makocha wa mbio za kati na ndefu, na hiyo namba imewapotezea muda wengi.

VO2 max ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika. Anayeanza mazoezi ataiona ikipanda haraka. Aliyefika ngazi ya kimataifa, moyo wake na damu yake vimeshakaribia mpaka wake, kwa hiyo namba inaganda. Chukua mfano wa Paula Radcliffe, mkimbiaji wa marathoni wa Uingereza. Mwanafiziolojia Andrew Jones alimpima kuanzia 1992, akiwa bado binti, hadi 2003. Miaka yote hiyo VO2 max ilicheza kwenye mililita 70 hivi kwa kila kilo kwa dakika. Kilichobadilika ni gharama: oksijeni aliyohitaji kukimbia kwa kasi ileile ilishuka kwa karibu asilimia 15. Mwaka huohuo wa 2003 akamaliza marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Ukiwa na VO2 max peke yake mkononi ungesema binti amedumaa.

Kwa hiyo uliza mambo mawili. Anatumia oksijeni kiasi gani akiwa kwenye kasi karibu na ya mashindano? Na anaweza kwenda kasi gani kabla lakteti, kitu ambacho misuli hutoa inapovunja sukari kupata nguvu, haijaanza kurundikana kwenye damu? (Halafu wakuu, hii habari kwamba lakteti ni sumu inayochoma misuli tuiache. Misuli na moyo huitumia kama nishati. Tunaipima kwa sababu inatuonyesha mwili unafanya kazi kwa ukali gani, basi.)

Sasa, kipimo chenyewe kinaharibika kwa vitu vidogo. Mwanariadha anakimbia kwa vipande vya dakika nne hivi, kasi inaongezwa kidogo kila kipande, na katikati anasimama sekunde chache atobolewe ndewe ya sikio ili lichukuliwe tone la damu la kupima lakteti. Jasho lina lakteti nyingi kuliko damu ya mtu aliyetulia. Tone moja la jasho likichanganyika na damu, mashine inakupa namba ya mtu anayekata roho. Safisha ndewe, kausha kabisa, toboa, futa tone la kwanza, chukua la pili bila kuminya sana. Ukiona lakteti ya milimoli 6 kwa lita wakati mtu anaongea sentensi nzima bila kuhema, amini mdomo wake, rudia kipimo.

Mtego mkubwa zaidi ni lakteti kuwa chini. Nilipata mkimbiaji wa mita 5,000 ambaye grafu yake ilikuwa nzuri kuliko zote za msimu ule. Kasi ileile, lakteti kidogo. Kocha akataka kupandisha kasi za mazoezi siku hiyohiyo. Lakini hata kipande cha mwisho, alichokimbia hadi akashindwa, lakteti yake ilikuwa ndogo, mapigo ya moyo hayakufika kilele chake cha kawaida, na alikuwa analalamika miguu mizito. Nikamuuliza anakula nini. Alikuwa amekata wanga ili apungue uzito, katikati ya wiki nzito. Glikojeni, yaani akiba ya wanga, ikiisha kwenye misuli, lakteti nayo haina pa kutoka. Alipokula na kupumzika, grafu ikarudi ilipokuwa kabla. Tangu hapo simpimi mtu bila kujua amekula nini na amefanya mazoezi gani siku zilizotangulia.

Ukishapata kasi zako za kweli, sehemu kubwa ya faida ni kuwazuia watu. Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa ustahimilivu wa ngazi ya juu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Wanorwe nao, tangu mkimbiaji Marius Bakken hadi wakimbiaji ndugu wa familia ya Ingebrigtsen, wanafanya vipindi viwili vya kizingiti (kasi ya karibu na pale lakteti inapoanza kurundikana) kwa siku moja, lakteti ikidhibitiwa kati ya milimoli 2 na 4 kwa lita. Watu wananakili hiyo "mara mbili kwa siku" na kuacha udhibiti. Matokeo yake ni mashindano mawili kwa siku moja, na wiki inayofuata mtu yuko kwa daktari wa viungo.

Kambi ya milimani uliyoigusia: mita 2,000 hadi 2,500, wiki tatu au nne, ni sawa. Ila pima feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini, wiki kadhaa kabla ya kwenda. Mwili usio na madini ya chuma hautatengeneza hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya ziada hata ukae huko mwaka mzima, na kurekebisha upungufu huchukua muda.

Kama bado una karatasi za vipimo vyote viwili, weka hapa kasi, mapigo na lakteti ya kila kipande, na kama ulipimiwa oksijeni kwenye kasi za chini, hiyo pia. Tuangalie kabla hujagusa programu yake.